Shangazi, nifiche kikohozi changu hadi lini?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mwalimu wa shule ya msingi, mke wa mtu na mama wa watoto wawili. Nimesoma majibu yako kwa muda mrefu, na kwa kuwa uliwahi kueleza kwamba uliuguza wagonjwa wa kifua miaka mingi kabla ya kustaafu, nimeona nikuandikie wewe kuliko kuendelea kukaa na jambo hili peke yangu.

Miaka tisa iliyopita niliugua kifua kikuu. Nilimeza dawa kwa miezi 6 bila kuruka hata siku moja, nikapimwa makohozi mwishoni, nikaambiwa nimepona. Nilirudi kazini, uzito ukarudi, nikajifungua mtoto wa pili. Hata hivyo kikohozi hakikuisha kabisa. Kilikuwa kikija asubuhi na makohozi mengi, kikatulia mchana, kisha kikarudi nikilala. Kila nilipokwenda kutibiwa nilipigwa picha ya eksirei, na kila daktari mpya aliyeiona aliniuliza kama nina kifua kikuu. Wakati mmoja nilianzishiwa upya dawa za kifua kikuu kwa sababu ya picha hiyo tu, zikasimamishwa baada ya wiki kadhaa majibu ya makohozi yalipotoka safi. Mwaka jana ndipo nilipofanyiwa siti-skani, yaani picha ya kina kuliko eksirei, nikaambiwa nina bronkiektasi katika sehemu ya juu ya pafu la kulia, yaani mirija ya hewa imetanuka na haitarudi ilivyokuwa.

Nilipewa ratiba. Asubuhi na jioni navuta dawa ya kutanua mirija, kisha navuta mvuke wa maji ya chumvi kwa nebulaiza, kile kifaa kinachogeuza dawa ya maji kuwa mvuke, kisha nafanya mazoezi ya kupumua na kutoa makohozi niliyofundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia, kisha naosha vifaa. Yote kwa pamoja huchukua karibu dakika 45, mara mbili kwa siku, nami natakiwa kuwa darasani saa moja na nusu asubuhi. Shangazi, siku ninazojisikia vizuri naacha. Najiambia kwamba mwili umepumzika, basi na mimi nipumzike. Mara nyingine naacha wiki nzima, kisha homa inanirudia, makohozi yanakuwa mazito na ya kijani, nakwenda duka la dawa kununua antibiotiki, nameza siku tatu nne, na nikipata nafuu naacha. Mwaka huu imenitokea mara nne.

Kinachonichosha kuliko hata ratiba yenyewe ni kujificha. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye na ambaye ndiye aliyeniuguza wakati ule, alinitengea kikombe, sahani na kijiko, na mpaka leo vyombo hivyo vimetengwa. Hanitukani wala hana ubaya nami, lakini nikikohoa huwaita wajukuu wake watoke chumbani. Kwa hiyo mazoezi nayafanyia bafuni, mlango nimeufunga na bomba nimelifungua maji yatiririke, ili sauti isisikike. Shuleni nabana koo, na makohozi yakipanda nayameza. Muhula uliopita mzazi mmoja aliomba mtoto wake ahamishwe kutoka darasa langu, na wenzangu wote wakanyamaza. Kuna na jambo lingine ambalo naona haya hata kuliandika: nikikohoa kwa nguvu mkojo hunitoka kidogo, na hiyo ni sababu nyingine ya kukibana kikohozi.

Jirani alinishauri nilale kitandani kichwa kikining'inia ili makohozi yashuke; nilijaribu, nikaambulia kiungulia. Dada yangu naye ameniletea dawa ya maji ya kukata kikohozi, ambayo kwa kweli hunisaidia nilale.

Nina maswali matatu. Je, ni lazima nifanye haya yote hata siku nisipoumwa? Je, kuna namna ya kuyafanya yasimeze siku yangu nzima? Na nitawaambiaje watu wa nyumbani na wa kazini kwamba siwaambukizi, ikiwa mimi mwenyewe najificha kama mtu mwenye hatia?

Mwanao,
Mwalimu


Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale penye bomba lililofunguliwa. Maswali yako nitayajibu yote, lakini naona yote matatu yanaanzia humo bafuni. Kikohozi unachokificha ndicho dawa yako kubwa kuliko zote ulizoandikiwa. Dawa ya kutanua mirija, mvuke wa chumvi na mazoezi ya kupumua vimepangwa kwa kusudi moja tu, kukiwezesha kikohozi kuyatoa makohozi kwa jitihada ndogo. Ukishafanya hayo yote kisha ukabana koo, umelima shamba ukakataa kuvuna.

Nikueleze kinachotokea kifuani mwako, maana mtu akilielewa jambo hili huwa hahitaji kusukumwa. Mirija ya hewa imefunikwa kwa ndani na utando unaotoa ute mwepesi, na juu ya utando huo kuna vijinywele vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vinavyopiga kwa pamoja kama makasia na kuusukuma ute kuelekea kooni pamoja na vumbi na vijidudu vilivyonaswa ndani yake. Watu wote humeza ute huo mchana kutwa bila kujua. Kifua kikuu kilipopita katika pafu lako kiliacha makovu. Makovu yakaivuta mirija ikatanuka, kuta zake zikalegea, na vile vijinywele vikaharibika. Tangu hapo, ute ukifika mahali hapo hukwama. Ute uliokwama huwa makao ya bakteria, mwili hutuma chembe nyeupe za damu kupambana nao, na chembe hizo huachia vimeng'enya vinavyoua bakteria lakini vinavyoula pia ukuta wa mrija. Rangi ya kijani unayoiona hutokana na kimojawapo cha vimeng'enya hivyo. Mrija uliojeruhiwa hutanuka zaidi, ute mwingi zaidi hukwama, na mambo huanza upya. Uharibifu uliokwisha kutokea hakuna dawa inayouondoa, na nisingekutendea haki kama ningekuficha hilo. Kinachowezekana, tena kwa kiasi kikubwa, ni kuukata mzunguko huo usiendelee, na mahali ambapo mkono wako wewe unafika ni pale penye ute: utoke kila siku kabla haujaoza ndani.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo, hata siku usipoumwa. Baharia wa chombo kinachovuja hufua maji hata bahari ikiwa shwari, na chombo huelea kwa sababu hiyo. Siku unayoamka ukiwa mwepesi, mara nyingi wepesi huo umeletwa na makohozi uliyoyatoa jana na juzi, na mirija iliyotanuka ingali imetanuka vilevile. Katika wodi niliyofanyia kazi, wengi wa wale waliokuwa wakirudi kila baada ya miezi miwili au mitatu walikuwa watu waangalifu kama wewe, waliokuwa wakiacha kila walipopata nafuu. Sikulaumu hata kidogo. Kufanya kazi ambayo matunda yake ni kutotokea kwa jambo ni kugumu, kwa kuwa hakuna anayekuja kukupongeza kwa homa ambayo haikukupata.

Hata hivyo saa moja na nusu kila siku ni mzigo, na ratiba isiyobebeka huachwa, iwe nzuri namna gani. Rudi kwa mtaalamu wako wa fiziotherapia umweleze waziwazi kwamba inakushinda, na kwamba siku nyingine huifanyi kabisa. Wagonjwa wengi huona haya kulisema hilo, na matokeo yake huongezewa dawa badala ya kupunguziwa kazi. Mwulize kama unaweza kuvuta maji ya chumvi mara moja tu kwa siku wakati hujaugua, na kama kipindi cha jioni kinaweza kuwa cha dakika 15 za mazoezi pekee. Watu wengi wenye hali yako hufanya kipindi cha kati ya dakika 10 na 30, na kipindi kifupi kinachofanywa kila siku nakipendelea kuliko kirefu kinachofanywa wiki moja na kuachwa inayofuata.

Kuna na muda unaopotea katikati. Dawa ya kutanua mirija huhitaji kama dakika 10 hadi 15 kabla ya kuvuta chumvi, kwa hiyo ivute mara tu unapoamka, kisha uoge, uvae na uwaamshe watoto wakati inafanya kazi yake. Baada ya hapo vuta chumvi, kisha fanya mazoezi. Mpangilio huo usiugeuze: mirija hutanuliwa kwanza, ute hulainishwa, kisha hutolewa, na kama siku moja utaandikiwa antibiotiki ya kuvuta au dawa ya kuvuta yenye steroidi (ya kutuliza uvimbe wa mirija), hiyo hufuata mwishoni, mirija ikiwa safi, ili ifike mahali pa ugonjwa badala ya kukaa juu ya makohozi. Baada ya dawa ya steroidi sukutua kinywa kwa maji na uyateme, usije ukapata utandu mweupe mdomoni. Ukiweza kuwa na vikombe viwili vya nebulaiza, hutalazimika kukisubiri kimoja kikauke. Zipo pia nebulaiza za wavu, ambazo humaliza dawa kwa muda mfupi kuliko zile za pampu ya hewa, ingawa bei yake ni kubwa na si lazima.

Mazoezi yenyewe ndiyo ningependa tukae nayo zaidi, kwa sababu nahisi unayafanya ukiwa na haraka na hofu, na mwili wenye hofu hubana mirija. Kaa wima kwenye kiti, mabega umeyalegeza, mkono mmoja umeuweka juu ya tumbo. Anza kwa kupumua polepole, tumbo likiinuka na kushuka, mpaka uhisi kifua kimetulia. Sehemu hii watu huiruka, ilhali ndiyo inayozuia kifua kubana. Kisha vuta pumzi ndefu mara tatu au nne, kila moja uishike kwa muda wa kuhesabu hadi tatu, uiachie bila kuisukuma. Pumzi hiyo inayoshikwa huipa hewa nafasi ya kupenya nyuma ya ute uliokwama. Rudi kwenye kupumua kwa utulivu. Halafu fungua mdomo na koo, upulize pumzi kwa nguvu kama mtu anayetaka kutia ukungu kwenye kioo, ukikaza misuli ya tumbo. Pumzi ya kadiri ikipulizwa kwa muda mrefu huusogeza ute ulio chini; pumzi kubwa ikipulizwa kwa ufupi huutoa ulio juu. Makohozi yakifika kooni, kohoa mara moja au mbili uyateme. Zungusha hatua hizo mpaka upulizaji usikike mkavu mara mbili mfululizo, kisha uache, hata kama dakika ulizopanga hazijaisha. Ukifanya hivyo kwa makini, utaona kwamba kukohoa kwenyewe kunapungua, kwa sababu upulizaji umekwisha kufanya kazi kubwa, na ile milipuko ya kikohozi inayokupasua mbavu na kukutoa jasho haitakuwa na haja.

Kuhusu kulala kichwa kikining'inia, acha leo. Mlalo wa kutoa makohozi huchaguliwa kwa kufuata mahali penye ugonjwa, ili sehemu hiyo iwe juu na ute uteremke kuelekea mrija mkuu. Kwa mtu ambaye ugonjwa wake uko chini ya mapafu, kulala kwa ubavu kunaweza kusaidia. Kwako wewe ugonjwa uko juu ya pafu la kulia, na mahali hapo huteremsha ute vizuri zaidi ukiwa umekaa wima. Kuning'iniza kichwa hakukusaidii, na tena hupandisha asidi ya tumbo, ambayo ikiingia kwenye njia ya hewa huiongezea majeraha. Jirani yako hakukosea nia. Alikupa tiba ya pafu la mtu mwingine.

Dawa ya kukata kikohozi pia iweke kando. Inakulaza kwa kuufanya ubongo usiitikie wito wa kifua, na makohozi ambayo yangetoka usiku hubaki ndani mpaka asubuhi. Ukifanya kipindi cha jioni saa moja hivi kabla ya kulala, kikohozi cha kitandani kitapungua chenyewe baada ya siku chache. Kikikukosesha usingizi hata baada ya hapo, mweleze daktari.

Sasa nije kwenye lile uliloona haya kuliandika. Mwanangu, mkojo kutoka wakati wa kukohoa ni jambo la kawaida sana kwa wanawake wenye ugonjwa wa kifua wa muda mrefu, hasa waliojifungua, na nimewahi kuwasikia wakilitaja pale tu walipokuwa wameshika kitasa cha mlango wakiondoka. Wengi waliacha mazoezi yao kwa sababu hiyo bila kumwambia mtu. Misuli iliyo chini ya nyonga, ile inayozuia mkojo, hupigwa na kila kikohozi na huchoka, lakini hufundishika. Ikaze kama unayezuia mkojo, ihesabie hadi tano kama unaweza, iachie kabisa, urudie mara nane hadi kumi, mara tatu kwa siku. Kisha jizoeze kuikaza sekunde moja kabla ya kila kikohozi na kila upulizaji, mpaka iwe mazoea. Kohoa ukiwa umekaa na mgongo umenyooka, kwa kuwa mtu aliyejikunja hulemea kibofu. Matokeo huonekana baada ya miezi mitatu hivi ya kuendelea, na mtaalamu wako wa fiziotherapia analijua jambo hili kuliko unavyodhani. Ukilitaja atakupima kama unaikaza misuli inayotakiwa.

Nizungumze nawe kwa ukali kidogo juu ya antibiotiki. Siku tatu za dawa uliyojichagulia hupunguza bakteria bila kuwamaliza, na wanaobaki ni wale sugu zaidi. Kwa bronkiektasi, madaktari kwa kawaida hutoa dozi ya siku 14, na huichagua kwa kuangalia bakteria aliyeoteshwa kutoka kwenye makohozi yako mwenyewe. Kwa hiyo makohozi yapelekwe maabara kabla ya kidonge cha kwanza, na matibabu yaanze bila kusubiri majibu ikiwa daktari ataona hivyo. Tena, kuugua mara nne kwa mwaka ni habari muhimu ambayo daktari wako huenda hana, kwa kuwa ulijitibu dukani. Mtu anayeugua mara tatu au zaidi kwa mwaka, licha ya kusafisha kifua ipasavyo, anaweza kufikiriwa kupewa azithromaisini, aina ya antibiotiki, kwa dozi ndogo na kwa miezi mingi ili kupunguza mashambulizi hayo. Dawa hiyo haianzwi kiholela: kwanza makohozi huchunguzwa kama yana bakteria wa jamii ya kifua kikuu, na moyo na usikivu wa masikio huangaliwa. Nakusihi usiinunue mwenyewe.

Utajuaje kwamba umeanza kuugua, na kwamba si siku mbaya tu? Nunua daftari dogo, na kila jioni andika mstari mmoja: makohozi kiasi gani, rangi gani, mazito au mepesi, na umetembea umbali gani bila kusimama. Kwako rangi ya njano hafifu inaweza kuwa ndiyo hali ya kila siku. Kinachotafutwa ni badiliko kutoka hali yako mwenyewe. Kikohozi, wingi au uzito wa makohozi, rangi, kuishiwa pumzi, uchovu na damu, mambo matatu kati ya hayo yakizidi kwa saa 48 au zaidi, nenda kliniki na daftari lako mkononi. Omba daktari akuandikie mpango wa karatasi moja unaosema nini ufanye siku hiyo, kwa maana homa ikishapanda kichwa hakipangi vizuri. Michirizi ya damu katika makohozi itolewe taarifa mapema. Damu tupu ya kujaza kijiko cha chakula au zaidi ni jambo la kwenda hospitali saa hiyohiyo. Simamisha chumvi na mazoezi, na ukilala ulalie upande wa kulia, ulio na ugonjwa, ili pafu la kushoto libaki salama.

Vifaa vioshwe kila baada ya kutumiwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, visuuzwe, viachwe vikauke vyenyewe mahali safi. Sehemu ambazo mtengenezaji ameruhusu zichemshwe, zichemshe kwa dakika 5 kama ulivyoelekezwa. Jambo hili hata mimi ningelionea uvivu, lakini unyevu uliobaki ndani ya kikombe cha nebulaiza ndio makao wanayopenda bakteria wa pseudomonasi, na hao wakishaingia kwenye mirija iliyotanuka kuwatoa ni kazi ngumu.

Mengine nayapitia haraka: uliza chanjo ya mafua ya kila mwaka na ile ya nimonia, kaa mbali na moshi wa kuni, mkaa na sigara, ubao ufutwe kwa kitambaa chenye unyevu, na afute mwanafunzi wewe ukiwa umesogea. Tembea kila siku kwa mwendo unaokupa kuhema lakini bado unaweza kusema sentensi. Kuhema huko hakukudhuru, na hulegeza makohozi. Ikiwa kliniki yako ina programu ya mazoezi ya wagonjwa wa mapafu, ambayo huwa ya wiki 6 hadi 12, jiandikishe, hata kwa sababu moja tu ya kukaa chumba kimoja na watu wanaokohoa bila kuomba radhi.

Nije kwa watu wako. Bronkiektasi yenyewe haiambukizi, kwa kuwa ni umbo la mrija lililobadilika, na umbo halirukii mtu. Daktari Mfaransa René Laennec, aliyebuni stethoskopu mwaka 1816, alikwisha kuueleza ugonjwa huu mwaka 1819, lakini miaka yote hiyo haijatosha kuwazoesha watu kwamba kikohozi kirefu kinaweza kuwa kitu kingine zaidi ya kifua kikuu. Lakini kabla hujasimama mbele ya yeyote na kusema huambukizi, uwe na uhakika. Kifua kikuu kinaweza kumrudia mtu aliyewahi kuugua, nawe umekuwa ukipata homa. Omba makohozi yapimwe sasa, na umwambie mpimaji kwamba uliwahi kutibiwa, kwa sababu kipimo cha vinasaba kinaweza kuonyesha mabaki ya bakteria waliokwisha kufa, na hapo kuotesha makohozi ndiko kunakotoa jibu. Weka nakala za majibu hayo na ya siti-skani katika bahasha moja, uende nayo kwa kila daktari mpya, ili makovu ya zamani yasikuanzishie tena dawa usizozihitaji.

Majibu yakiwa safi, mwombe daktari barua fupi kwa mwalimu mkuu, inayosema kwamba una ugonjwa wa mirija ya mapafu usioambukiza, kwamba kukohoa ni sehemu ya tiba, na kwamba unahitaji dakika tano za faragha katikati ya asubuhi. Kwa wenzako sema sentensi hiyohiyo moja, kwa sauti yako ya darasani, usiongeze maelezo. Beba chombo kidogo chenye kifuniko na karatasi laini, uteme, ufunike, unawe mikono. Hivyo unatimiza heshima kwa wengine bila kumeza kinachokuumiza.

Mama mkwe wako ninamwelewa, kwa kuwa niliwaona wengi kama yeye. Alikuuguza wakati ambao wengine wangekimbia, na kikombe alichokitenga kilikuwa namna yake ya kuwalinda wajukuu na kubaki karibu nawe kwa wakati mmoja. Hakuna aliyemwambia kwamba hata wakati ule kikombe hakikuwa na kosa: kifua kikuu husambaa kwa hewa, hakisambai kwa vyombo vya kulia. Usimweleze wewe, maana kwa mama aliyekuona umekonda ukihangaika na pumzi, neno lako halitashinda kumbukumbu yake. Mwombe akusindikize kliniki utakapofuata majibu, kwa heshima, kama mtu unayehitaji msaada wake. Mwambie mume wako naye aje akiweza. Daktari amwonyeshe picha, amweleze kwamba wajukuu hawana la kuogopa, na umfundishe mbele yao namna unavyofanya mazoezi, ili siku ukiwa dhaifu awe yeye anayekukumbusha kukaa wima na kupuliza.

Kuanzia jioni ile, hamisha kiti chako kutoka bafuni, ukiweke karibu na dirisha la chumba cha kulala, na bomba libaki limefungwa. Kikombe chako kioshe pamoja na vingine, na ukiweke kabatini katikati yake.

Shangazi